Sikudhani, Kichocheo cha Taifa

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Ramani zilipigwa marufuku huko tangu Rais alipobaini kwamba nchi jirani imechorwa kubwa kuliko yake. Inajiita Jamhuri ya Mwanana, na ni nchi njema kabisa: mvua hunyesha baada ya kutangazwa, na wananchi hufurahi kila taarifa ya habari inapowaarifu kwamba wamefurahi.

Huko aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani binti Makame, mjane, mwalimu wa udereva. Alikuwa na gari moja lililochoka lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi, nyingine ya kunusuru roho yake. Alikuwa pia na binti mmoja, Raziki, aliyeposwa na Shomari, fundi wa majokofu. Mambo ya serikali Sikudhani hakuyafuatilia. Serikali ndiyo iliyomfuatilia.

Ilianza na picha. Rais, ambaye cheo chake kamili ni Baba wa Ustaarabu, alihudhuria mkutano ughaibuni, na mwisho wa mkutano viongozi wakapigwa picha ya pamoja. Wenzake walisimama kola wazi, mkono mfukoni, kama watu waliotoka kula wakakutana na kamera mlangoni. Yeye alikuwa katikati na suti ya vipande vitatu, medali kifua kizima, na uso wa mtu aliyevalishwa na kamati. Na kweli alivalishwa na kamati. Mwenyekiti wake alistaafishwa kabla ndege haijatua.

"Ndugu wananchi," Rais alisema kwenye televisheni, "tumechoka kuonekana tumechoka. Kuanzia sasa taifa hili litapendeza bila kujitahidi. Nataka wepesi. Wepesi huo uanze mara moja, utekelezwe kwa nguvu zote, na atakayeonekana amejitahidi atashughulikiwa."

Basi ikaundwa Wizara ya Wepesi, akapewa Mheshimiwa Ngolombwe, aliyehamishwa kutoka Viwanda Vizito. Mheshimiwa naye akamwita Mwinyikondo, Mbunifu Mkuu wa Taifa, akampa kazi ya kubuni vazi lisilojitahidi.

Mwinyikondo alikuwa mtu wa kipaji, lakini kipaji chake kilikuwa kimekaa serikalini muda mrefu. Alibuni sare za bendi ya Ikulu na mapazia ya Ikulu, na mwaka ule wa kubana matumizi alitumia kitambaa kimoja kwa vyote viwili, bendi ikawa inapotea kila inaposimama karibu na dirisha. Sasa alikaa mbele ya karatasi nyeupe, mkasi mkononi, kichwani hamna kitu.

"Mheshimiwa," alimwambia waziri, "mbunifu anahitaji mtu. Mtu mmoja wa kumtazama, akili ikafunguka. Wenzetu wakubwa wote wanaye."

"Anaitwaje mtu huyo?"

"Kwetu hana jina bado."

Wataalamu wa lugha walifungiwa hotelini mpaka wakatoka na jina: Kichocheo cha Taifa. Jina lilipatikana. Mtu mwenyewe bado.

Alipatikana siku ambayo gari la Mwinyikondo lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara. Nyuma yake honi ikalia, ikalia tena, kisha mwanamke akashuka kutoka kwenye gari la mafunzo na kuja dirishani kwake. Alivaa shati la kiume la buluu, kubwa, lililofuliwa mpaka likasahau lilikuwa buluu gani. Mkono wa kulia umekunjwa hadi kiwiko, wa kushoto umeachwa hadi kifundo. Chini kitenge kimefungwa kwa ubavuni, miguuni raba, na kilemba kina fundo juu ya sikio moja.

"Kaka, unasubiri nini? Barabara iote majani?"

Mwinyikondo alimtazama kama mtu aliyeona nchi kavu. "Dada," alisema, "hii mikono ya shati umeikunja kwa falsafa gani?"

"Falsafa ya jua! Huu wa kushoto unakaa dirishani, naungua. Huu wa kulia unadaka usukani mwanafunzi akichanganyikiwa. Haya, ondoa gari."

"Na kilemba?"

"Upande wa pili naegemea. Utaondoa gari au niliondoe mimi?"

Aliliondoa yeye. Mwinyikondo akabaki pembeni ya barabara anachora mgongoni mwa risiti ya petroli, machozi yanamlengalenga.

Siku iliyofuata Mheshimiwa Ngolombwe alifika nyumbani kwa Sikudhani na msafara uliojaza kichochoro chote.

"Mama," alisema, akiwa amekaa kwenye kochi ambalo wasaidizi wake walilikagua kwanza, "kuanzia leo wewe si mtu binafsi."

"Ni mtu wa nani, basi?"

"Wa taifa. Wewe utavaa tu unavyovaa. Taifa litafuata."

Sikudhani alicheka. "Mheshimiwa, mimi sivai chochote cha maana. Hili shati la marehemu mume wangu."

"Hiyo ndiyo maana yenyewe!" alisema Mwinyikondo kutoka mlangoni.

Angekataa. Lakini waziri, mtu mzoefu, alikuwa ameshasikia habari za posa. "Harusi ya binti," alisema taratibu, akitazama dari, "mnafanyia wapi? Ukumbi wa Rais uko wazi." Ukumbi wa Rais, wenye viyoyozi na jukwaa, haukuwahi kutolewa kwa mtu asiye na mjomba serikalini. Raziki, aliyekuwa nyuma ya pazia na sinia la chai, alisimama pale pale kama aliyegandishwa. Sikudhani alimwona mwanawe alivyolishika lile sinia. Akakubali.

Asubuhi yake ikaja Tume ya Kuchunguza Kutojali. Wajumbe walipanga viti chumbani kwake, kati ya kitanda na kabati, kalamu tayari.

"Endelea mama, jifanye hatupo," alisema mwenyekiti wa tume.

Alifungua kabati, akavuta nguo. Wajumbe wakavuta pumzi.

"Kwa nini hiyo?"

"Ilikuwa juu."

"Ilikuwa juu," wakanong'onezana, wakaandika. Wiki hiyo hiyo ukatoka mwongozo kwamba kila kaya iwe na nguo iliyo juu. Siku ya pili Sikudhani alipofungua kabati alikuta nguo zimepangwa na ile inayotakiwa na wizara ndiyo iko juu. Aliivaa. Lakini alipokunja mkono wa kulia, kwa mara ya kwanza maishani alijiuliza: je, nimekunja vizuri?

Swali hilo likakaa. Kesho yake alikunja, akakunjua, akakunja tena, wajumbe wakiandika kila kukunja. Kilemba alichokuwa akikifunga huku anamfokea muuza maziwa dirishani sasa kilimgomea kabisa. Fundo likienda juu ya sikio anaona limezidi, likirudi nyuma anajiona nesi. Ilifika mahali anaamka alfajiri ili awahi kutojali.

Shati la Mbaruku, mumewe, lilichukuliwa. Walikuja watu wa Makumbusho na glavu nyeupe, wakalibeba kama mtoto mchanga, wakalitia kwenye sanduku la kioo. Badala yake aliletewa mashati mapya kutoka kiwanda cha serikali, yaliyofubazwa kwa mashine na kuchakazwa kola na askari waliopitia mafunzo.

Na kiwanda hakikuishia kwake. Mbaruku alikuwa mtu mrefu, mabega yameshuka kidogo, na shati lake lilishonwa kufuata mabega hayo. Mwinyikondo alinakili kila kitu, hadi kule kushuka. Ndani ya mwezi mji mzima ulikuwa umelivaa. Sikudhani alikuwa akienda sokoni akamwona Mbaruku mbele yake anavuka barabara. Mguu ukamtangulia, mkono ukainuka wenyewe kuita. Mtu akageuka: kijana muuza vocha. Akamwona tena kwenye foleni ya benki. Akamwona kituo cha mafuta, mgongo ule ule, ameinama. Barabara nzima ilijaa waume zake waliompa mgongo, na kila aliyegeuka hakuwa yeye. Siku hiyo alirudi nyumbani bila mboga, akakaa jikoni na kapu tupu.

Wakati huo huo sheria ilipita, Sheria ya Kuzuia Jitihada za Wazi. Askari wa Wepesi walisimama kwenye makutano wakikagua mikono ya mashati: wa kulia juu, wa kushoto chini, fundo juu ya sikio. Saluni za serikali zilifunguliwa mapema ili wafanyakazi wavurugwe nywele na wataalamu kabla ya kwenda kazini. Watu wenye uwezo waliajiri vijakazi wa kuwakunjia. Kuonekana umetoka tu kitandani kulichukua asubuhi nzima, na maofisi yakawa yanafunguliwa adhuhuri.

Mwalimu mmoja mstaafu alikamatwa kwa mstari wa pasi kwenye suruali.

"Ulipiga pasi?" hakimu alimuuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Niliiweka chini ya godoro, nikalala."

"Ulilala kwa makusudi?"

Mwalimu, mtu mkweli, alikiri kwamba alilala kwa makusudi. Akapewa kifungo cha nje na suruali yake ikafinyangwa mbele ya umma.

Harusi ikakaribia. Wiki ya mwisho Mheshimiwa Ngolombwe alikuja na Mwinyikondo wakileta boksi lenye utepe. Ndani yake mlikuwa na shati la buluu, refu kuliko mengine, na kitenge cheupe.

"Sherehe itarushwa moja kwa moja," alisema waziri. "Rais mwenyewe ataangalia. Bibi harusi aonekane kama alikuwa anapita tu, akakuta harusi, ikawa ni yake."

"Na hina?" aliuliza Raziki kwa sauti ndogo.

"Hina ni jitihada, binti."

"Singo? Asumini za kichwani?"

Mwinyikondo alitazama viatu vyake. Waziri alitikisa kichwa kwa huruma ya kiserikali, wakaondoka.

Raziki hakulia mbele yao. Alilia walipokwisha kupanda magari. "Mama, mimi sitaki ukumbi. Tangu mdogo nasubiri siku moja tu nionekane nimejitahidi. Nataka Shomari akiniona ajue nilimwandalia. Nikienda kama niliyekuwa napita, yeye si atajua na mapenzi yangu yalikuwa yanapita?"

Sikudhani alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alimkumbuka Mbaruku siku ya harusi yao: kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa, amekata kucha, amenyoa, kaka yake anasema alikaa mbele ya kioo tangu alasiri. Mtu ambaye maisha yake yote hakujua soksi zake ziko wapi. Alijihangaisha kwa ajili yake, siku ile, na yeye alipomwona alijua.

"Nenda kamwite Bi Nunu," alisema.

Bi Nunu alikuwa mpambaji wa maharusi wa mtaa mzima, na tangu sheria ipite alikuwa akiuza barafu. Aliingia kwa mlango wa uani, liwa la kunukia na maua ndani ya ndoo, juu barafu.

Tume ilikuwa sebuleni kama kawaida. Sikudhani aliwatokea, akafunga mlango wa chumba nyuma yake. "Wazee wangu, leo kuna kutojali kukubwa sana kunaandaliwa humu. Mkiangalia kutakatika." Wajumbe wakasimama kwa heshima, wakahamia uani wenyewe.

Kukafanyika kazi. Bi Nunu alimsugua Raziki singo mpaka akawa na rangi ya asali, akamchora hina kuanzia vidoleni, polepole, huku akimwimbia na kumfunda mambo ambayo hayaandikwi hapa. Magauni yalihitaji pasi. Pasi ya mkaa ikawashwa, na harufu ya nguo moto ikaanza kutoka dirishani. Majirani waliielewa papo hapo. Bila kuambiwa, kila nyumba ya kichochoro ikaanza kukaanga vitunguu. Askari wa Wepesi alipita, harufu ikamtia njaa kali, akaenda zake kutafuta chakula.

"Na wewe je?" Bi Nunu alimuuliza Sikudhani. "Unakwenda na hilo shati la kiwanda?"

Sikudhani alijitazama. Kisha akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono yote miwili. "Nifanye na mimi, somo. Usibakishe kitu."

Ukumbi wa Rais ulikuwa umejaa. Wageni wote wa mashati ya buluu, mkono mmoja juu mmoja chini, wameegemea viti kwa namna waliyofundishwa. Kamera ziligeukia mlango. Waliingia mama na binti wameshikana mikono.

Raziki alikuwa na gauni la kijani lenye nakshi za dhahabu, lililonyooka kama lililochorwa, asumini zimeshuka hadi kiunoni, hina mpaka kwenye viwiko. Sikudhani alikuwa na gauni la zambarau, mikono yote miwili imeshuka sawasawa, vifungo vimefungwa vyote, wanja machoni, kipini puani. Hakuna uzi uliokaa pasipo kupangwa. Wageni wakasahau kuegemea viti.

Shomari, aliyekuwa ameketi jukwaani na shati lake la kanuni, alisimama. Alimtazama Raziki. Kisha pale pale mbele ya taifa akaukunjua mkono wake wa kulia, akaulainisha kwa kiganja, akafunga kifungo cha kifundo, na cha kola.

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma kabisa. Cha pili hakikusubiri. Wanawake wakapanda juu ya viti.

Mheshimiwa Ngolombwe alipenya mpaka kwa Sikudhani, jasho linamtoka. "Mama Kichocheo! Nini hiki? Umejitahidi!"

"Nimejitahidi, mheshimiwa. Tangu juzi."

"Sema kwa sauti ndogo!"

"Juzi asubuhi," alisema Sikudhani kwa sauti ile anayotumia mwanafunzi akikaribia mtaro.

Waziri aliagiza akamatwe. Mwinyikondo, aliyesimama kando, hakumtetea wala hakumshitaki. Alikuwa akipapasa mifuko yake kutafuta penseli.

Kesi iliendeshwa katika Mahakama ya Wepesi, ambako majaji hukaa kwenye makochi. Kabla haijaanza, waziri aliinama sikioni kwa mshitakiwa. Kamera za dunia zilikuwa zimempenda Kichocheo, na wizara haikuwa na mwingine.

"Sheria inakataza jitihada za *wazi*," alimnong'oneza. "Wewe kana tu. Sema uliamka hivyo. Cheo unabaki nacho, na lile shati la marehemu tunakurudishia leo leo. Tazama, limeletwa."

Kweli lilikuwa mezani, ndani ya kioo. Sikudhani aliomba kulisogelea, akaruhusiwa. Alikuwa tayari kukana. Kwa shati lile angekana hata jina lake. Aliinama mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Akaona mkono wa kulia umekunjwa kwa rula na kushikwa na pini kwa ndani. Akaona kola, ile iliyoliwa na ndevu za Mbaruku, imetiwa wanga. Mgongoni kulikuwa na mstari. Makumbusho, kwa kuliheshimu, yalikuwa yamelipiga pasi.

Mbaruku hakuwemo. Ile haikuwa nguo tena, ilikuwa hotuba.

"Mshitakiwa," alisema jaji, "uliamka ukiwa umependeza, au ulijitahidi?"

"Nilijitahidi," alisema Sikudhani. Na kwa kuwa mwanafunzi haelewi jambo kwa kuambiwa mara moja, akaanza mwanzo. Akawaeleza liwa lilivyotwangwa, hina ilivyokandwa kwa ndimu, pasi ilivyopulizwa mpaka macho yakamwasha, kipini kilivyogoma kuingia kwa sababu tundu lilikuwa limeanza kuziba tangu afiwe. Akasema alivyojitazama kwenye kioo alipomaliza, akajiona. Karani aliyekuwa akiandika aliacha kuandika. Mmoja wa majaji, mzee, alikuwa akivutavuta mkono wa shati lake ushuke.

Alivuliwa cheo. Alipigwa marufuku kukunja mkono wowote wa nguo yoyote maisha yake yote, na shati likatangazwa mali ya taifa milele. Alilipungia mkono lilipokuwa linatolewa, kwa adabu, kama mtu anavyompungia mgeni asiyemfahamu.

Wizara haikukaa bila Kichocheo. Ilipeleleza nchi nzima kutafuta kiumbe kisichojitahidi kabisa, na mwishowe ikakipata dukani kwa Mhindi: sanamu la plastiki la kuvalishia nguo, jike, lisilo na nywele. Lilifanikiwa kupita matarajio. Lilisafiri na Rais ughaibuni, likasimama karibu naye kwenye picha ya pamoja, na magazeti ya huko yakaisifu Mwanana kwa utulivu wake. Baadaye Mheshimiwa Ngolombwe alionekana hadharani akifuta jasho, ambalo ni ushahidi wa jitihada. Alifukuzwa, sanamu likakaimu uwaziri. Wafanyakazi wanasema hawajaona tofauti, isipokuwa vikao vimekuwa vifupi.

Mwinyikondo aliacha kazi ya serikali. Ana kibanda nyuma ya soko, anashona magauni ya harusi usiku na mchana, macho mekundu, vidole vimetobolewa na sindano, na hakuna aliyewahi kumwona ana furaha kiasi hicho.

Sikudhani alirudi barabarani na magauni yake ya mikono mirefu. Asubuhi anavaa huku anamfokea muuza maziwa. Wanafunzi hawakukosekana, na mmoja wao alikuja kwa miguu kutoka mbali, akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa Ngolombwe. Gari la serikali lilikwenda na dereva wake, na mtu mzima yule hakuwahi kujifunza kuendesha.

"Sijui kama utanikubali, mwalimu," alisema.

"Panda. Funga mkanda."

Alishika usukani kama anayeuzuia usikimbie. Injini ikazima. Akawasha, ikazima. Akawasha tena, gari likaruka, likasimama, likaruka. Aliuma ulimi, shati limemlowa mgongoni, kola imekaa upande, macho yamemtoka yote mawili kwenye barabara tupu. Kisha gari likaanza kutambaa, polepole, kweli kabisa likawa linakwenda, na yeye akapiga kelele kama mtoto.

Sikudhani alimtazama kwa pembeni, mguu wake juu ya breki yake. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, aliona kwamba mzee huyu amependeza. Lakini hakumwambia, asije akaunda tume.